Jiwe Linalonusa Mandazi

Fundi wa chapa ninayeshirikiana naye pale mtaani Mbotela hunawa mikono kama daktari anayeenda kumpasua mtu. Sabuni, maji, sabuni tena, kisha ananusa vidole kimoja kimoja. Mimi nimezoea kuchora ukutani kwa rangi ya kupuliza, na ukuta hauniulizi nimekula nini. Jiwe lake la kuchapia picha linauliza. Ni bapa, zito kama gunia la mahindi, na likishaonja mafuta halisahau: palipoguswa na mafuta wino hushika, kwingine maji ya kulilowesha huukataa. Ndiyo maana mimi huchora juu yake kwa kalamu ya mafuta bila kuliegemea, naye akinizunguka, akiwazuia majirani kwa sauti yake nyembamba, "Macho tu, jamani! Macho tu!"

Jumamosi, Mama Whitney, anayekaanga mandazi hapo kando, aliinama kuitafuta nyumba yake kwenye mchoro wangu wa mapaa ya mtaa, akaegemeza kiganja juu ya jiwe. Hakuna aliyemwona. Fundi alipokuja kupitisha rola ya wino, kiganja kizima kikajitokeza juu ya mapaa yetu, vidole vitano na mikunjo yake yote. Kazi ya siku tatu.

"Woi, ni mkono wangu huo," Mama Whitney akasema. "Nimewaharibia."

Nilimtazama fundi, nikingoja kelele. Aliinama, akalinusa jiwe.

"Mandazi," akasema, akacheka mpaka akakaa chini. "Kesho naleta jiwe lingine. Njoo na mikono yote miwili, Mama Whitney, na usinawe."