Farasi wa Mwenyekiti Alipopanga Laini

Sisi tuliokulia pande za Eldoret enzi za chama kimoja tulijua mambo ambayo watoto wa siku hizi hawayawezi. Tulijua kufungua kwa meno ile pakiti ya pembetatu ya maziwa ya shule bila kumwaga tone kwenye sweta. Tulijua kukanyaga umande pekupeku alfajiri, vidole vikiuma kwa baridi mpaka tukatafuta mahali ng'ombe alipolala ili tusimame hapo tupate joto. Tulijua kuchemsha mahindi mabichi ndani ya sufuria nyeusi, na kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa karatasi za nailoni mpaka jua lizame. Tulijua pia kupiga makofi kabla ya kujua hotuba ilihusu nini. Na tulijua kunyamaza, somo ambalo halikuwa kwenye ratiba lakini lilifundishwa kila mahali, hata kwa kinyozi.

Mimi shule niliiacha mapema. Nilikuwa msichana, kifungua mimba wa nyumba yetu, nikifuatwa na Kiprono, Cherop na kitinda mimba wetu Kibet. Baba alifariki kwa ugonjwa, na Mama akamfuata kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa. Baada ya mazishi jamaa walikaa kikao sebuleni kwetu, wakanywa chai yetu, wakaanza kutugawana. Ilikuwa kawaida. Watoto wa marehemu waligawanywa kama ng'ombe wake, tofauti ikiwa kwamba kwa ng'ombe mjadala ulikuwa mrefu zaidi. Kiprono aliangukia kwa mjomba aliyehitaji mchungaji. Cherop alitakiwa Moiben kwa shangazi aliyekuwa na mtoto mchanga. Kibet, ambaye hakuweza kazi yoyote, alizungushwa pale kama sahani ya mboga iliyotiwa chumvi nyingi.

Nikasema mimi nitawalea. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alinitazama kwa huruma ya mtu mwenye haraka. Akasema, "Ukipata kazi na nyumba, kaeni. Siku ile utafutwa kazi, nakuja kuchukua watoto, na sitaki maneno."

Kazi niliyopata ilikuwa ya farasi.

Ilikuwa hivi. Mwenyekiti wa chama wa pale kwetu alikuwa amenunua shamba la mzungu aliyerudi kwao. Ndani ya shamba kulikuwa na trekta bovu, mbwa kiziwi, na farasi mmoja wa rangi ya kahawia, mrefu kama ghala la mahindi. Trekta aliliuza, mbwa akafa. Farasi akambakisha, kwa sababu mwenyekiti wa tawi la jirani alikuwa na gari, na mwenyekiti wa ng'ambo ya mto alikuwa na gari kubwa zaidi, lakini hakuna aliyekuwa na farasi. Tatizo ni kwamba Mwenyekiti alimwogopa. Wanaume aliotaka kuwaajiri walimwogopa pia. Walisema huyu ni mnyama asiye na pembe wala maziwa, kwa hivyo hakuna anayejua nia yake. Mimi nilikuwa na watoto watatu wa kulisha, na nia ya farasi haikunishughulisha sana. Nikaajiriwa. Ujira wangu ulikuwa chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi, maziwa kila siku, unga, na kitu kidogo cha mwisho wa mwezi, ambacho kilikatwa mchango wa harambee kabla hakijanifikia. Nilijenga zahanati nyingi sana katika ujana wangu, na sijawahi kuiona hata moja.

Mwenyekiti aliona haitoshi kulipa mtu wa kumtunza farasi. Akamlipa na shemeji yake, Kiptoo, awe msimamizi wa utunzaji. Kiptoo alisimamia akiwa nje ya ua, amevaa koti, mikono nyuma. Ndani ya banda la farasi alining'iniza ile picha rasmi ya Rais iliyotakiwa kila duka na kila ofisi, maana, alisema, hata hapa ni mahali pa kazi. Basi kila asubuhi kazi yangu ya kwanza katika kumtunza farasi ilikuwa kupangusa picha. Hapo ndipo nilipoingia kwenye mambo madogo: kuzoa mavi, kubadilisha nyasi za kulalia, kumsugua mgongo kwa brashi, kuinua miguu mmoja mmoja na kuchokoa tope lililoganda ndani ya kwato. Nilimchanganyia pumba na molasi, na ile harufu tamu ilijaa bandani mpaka Kibet, aliyelala kwenye nyasi kavu pembeni, aliamka akiramba midomo.

Mzungu alikuwa amempa farasi jina fupi la kwao. Mwenyekiti akambadilisha, akamwita Maendeleo. Farasi hakuitika. Nilipomweleza Mwenyekiti kwamba amezoea jina la zamani, alinijibu akiwa mbali kidogo, "Farasi wa Mwenyekiti hana mazoea. Ana maagizo." Kiptoo akapiga makofi.

Lakini Mwenyekiti alikuwa mkulima pia, na mkulima wa kwetu hawezi kuona mgongo mpana umekaa bure. Siku za kawaida, wageni wasipokuwepo, aliagiza farasi abebe maziwa. Kwa hiyo kila asubuhi nilimfunga Maendeleo mitungi huku na huku, tukaenda uwanja wa senta, pale madukani, ambapo lori la maziwa lilipokelea. Wakulima walipanga laini kuanzia kwenye kibanda cha maziwa mpaka karibu na posho mill, pale pa kusagia unga. Sisi tulikaa nyuma ya wengine kama watu wenye adabu, tukasogea hatua kwa hatua. Tukifika mbele, karani wa maziwa alimpa farasi bakuli la pumba. Baada ya miezi sikuhitaji hata kumshika kamba. Akifika uwanjani alitafuta mwisho wa laini mwenyewe, akasimama, akashusha pumzi. Mama mmoja wa pale alisema heri farasi huyu kuliko mumewe, kwa kuwa haruki laini.

Ukaja uchaguzi wa chama, ule wa mlolongo. Vijana wa leo hawaamini nikiwaeleza. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama nyuma ya mtu unayemtaka, mchana kweupe, mbele ya chifu, mwajiri wako na mtu anayekudai, halafu ukahesabiwa. Aliyehesabiwa alisogea mpaka kwa mgombea wake, kisha akaenda kukaa kwenye nyasi, na laini ikasogea. Siri ya kura ilikuwa hivi: kila mtu aliijua na hakuna aliyeisema.

Mshindani wa Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Barno, mzee mstaafu mwenye baiskeli. Yeye alisimama kwenye kibanda cha maziwa, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa ameshachagua kivuli cha ofisi ya chifu. Watu wakaja. Nyuma ya Mwalimu walijipanga wakulima na mama zao, kinamama wa soko, mpaka laini ikafika posho mill na kukunja kona. Nyuma ya kiti cha Mwenyekiti, ambacho bado kilikuwa kitupu, walisimama Kiptoo, wenye maduka waliohitaji leseni, na Baba Mkubwa, aliyekuwa akitafuta shamba.

Mwenyekiti alikuwa amechelewa makusudi. Alitaka kuingia akiwa juu ya farasi. Siku hiyo nilimsugua Maendeleo mpaka akang'aa, na wanaume wawili wakampandisha Mwenyekiti kwa kutumia meza ya jikoni. Nikatembea kando. Tulipofika uwanjani vigelegele vikapigwa, Mwenyekiti akainua mkono, na farasi akageuza kichwa akaona laini.

Nilishika lijamu lakini nilikuwa kama kitambaa kilichofungwa kwenye lori. Maendeleo alipita kiti kitupu cha Mwenyekiti, akampita Kiptoo aliyekuwa bado anapiga makofi, akaenda mpaka posho mill, akazunguka kona, akasimama nyuma ya mama mmoja mwenye kiondo. Akashusha pumzi. Mwenyekiti alivuta hatamu, akapiga teke, akaita jina lile la Maendeleo. Farasi alitulia tuli. Kushuka hakungewezekana bila meza, na meza ilikuwa nyumbani.

Hakuna aliyecheka. Nataka hilo lieleweke. Watu walikuwa na nyuso za mazishini, ila mabega yalikuwa yakitikisika uwanja mzima.

Laini ikasogea, na farasi akasogea. Yule mama wa kiondo akageuka, akamtazama kuanzia kwato mpaka kofia. "Mwenyekiti," akasema kwa heshima, "hata wewe umechoka?"

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa akija akihesabu kwa kugusa mabega. Alipotufikia mkono wake ulibaki hewani.

"Mzee, ni hapa umepanga?"

"Sijapanga. Napita."

"Unapita wapi, Mzee, na mbele ni watu?"

"Napita polepole."

Msimamizi aliwaza kidogo, akamruka, akaendelea na aliyekuwa nyuma yetu, kwa maana wengine walikuwa wameshajipanga nyuma ya farasi. Nasi tukapita polepole. Tulipita polepole karibu asubuhi yote, mpaka tukafika mbele, ambapo Mwalimu Barno alivua kofia na kusema, "Karibu, Mwenyekiti. Na asante." Farasi akachungulia ndani ya kibanda kutafuta bakuli lake. Karani, masikini, alimpa.

Baadaye msimamizi alipanda juu ya kreti na kutangaza kwamba Mwenyekiti amerudi kitini kwa kura nyingi, na kwamba shughuli imekwenda kwa amani. Nyasi zilikuwa zimejaa watu wa Mwalimu. Waliangaliana. Kisha wakapiga makofi, kama tulivyofunzwa.

Mimi sikupiga. Kiptoo alinipitia karibu akasema kwa sauti ya chini, "Umeisha, wewe. Hao watoto wanagawanywa." Na Baba Mkubwa alikuwa ameshatoka kwenye laini yake, ananitazama kama mtu anayetazama mzigo wa kubeba.

Kesho yake alikuja mapema na gunia la kuwekea nguo. Cherop alikuwa amevaa sare ya shule, akakataa kuivua. Kiprono alimbeba Kibet mgongoni na kusimama mlangoni kama askari. Nikaitwa bandani. Mwenyekiti alikuwa pale, mbali kidogo na farasi, akitembea kwa miguu iliyotanuka kwa sababu ya safari ya jana. Baba Mkubwa akasimama nyuma yangu na gunia lake. Kiptoo alianza kwa kukohoa.

"Mzee, huyu msichana ni wa kufutwa leo. Amekuaibisha. Amekupeleka kwa laini ya Mwalimu."

Mwenyekiti aligeuka taratibu. "Laini gani?"

"Ya jana, Mzee."

"Jana mimi nilikuwa laini ya nani?"

Kiptoo alimtazama farasi, akatazama ile picha ukutani, akaona hakuna msaada popote. "Yako, Mzee."

"Kuna mtu aliniona kwa laini ingine?"

"Hakuna, Mzee."

"Wewe uliniona?"

"Mimi sikuona kitu."

"Sasa nifute huyu mtoto kwa kosa gani?" Akafikiri ni adhabu gani inayoweza kutolewa kwa jambo ambalo halijatokea. "Farasi asiende tena na maziwa. Kuanzia leo maziwa utapeleka wewe, Kiptoo."

Baba Mkubwa alikunja gunia lake, akaliweka kwapani, akaomba chai. Nikampikia. Jioni ile nilifunga mlango, nikauliza swali ambalo Mama alikuwa akiuliza kila siku kabla ya kuzima taa: "Mko wote ndani?" Wakajibu wote, hata Kibet, ambaye alijibu mara mbili. Nilikaa na kazi ile mpaka farasi alipokufa kwa uzee, na kila mwaka wa shule wa ndugu zangu ulitoka kwenye kwato zake.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Mpwa wangu anayeishi Kimumu ana mbwa mwenye nywele laini kuliko zangu. Analipa kijana wa kumwogesha na kijana mwingine wa kumtembeza, kisha jioni anaingia jimu na kulipa tena, ili naye atembee juu ya mashine isiyofika popote. Nilimuuliza mbwa huyo anapenda nini. Akasema nimuulize kijana. Wanapiga kura ndani ya kibanda, peke yao, hakuna anayewaona, halafu wanatoka na kumtangazia kila mtu kwenye simu waliyemchagua. Sisi tulionwa na wote na hatukusema neno. Sijui nani kati yetu ni mjinga zaidi, ingawa nina maoni.

Kiprono yuko Qatar. Cherop ni muuguzi kwenye nchi ambayo theluji yake naiona kwa video, na Kibet, yule wa bandani, anaendesha lori kubwa huko Amerika na kulala ndani yake. Wamenijengea nyumba nzuri yenye vyumba ambavyo navifagia tu. Tunaongea kwenye kikundi cha simu, ambapo mmoja akiamka mwingine analala, na salamu ya asubuhi inajibiwa kesho. Kikao kile cha jamaa kilitaka kumpeleka Cherop Moiben na wengine vijiji vya karibu hapa. Nikapigana nisitenganishwe nao, na nikashinda. Kama ningeshindwa, leo labda kila mmoja angekuwa na kiplot chake ng'ambo ya shamba hili, na mimi ningefika kwa yeyote kati yao kwa miguu kabla chai haijapoa.