Baba alipoacha kuitikia shikamoo, majirani wakaanza kuleta kuku

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka juzi. Kilichopotea: marahaba ya baba yangu.

Wakuu, nawasalimu. Shule niliishia la saba, kwa hiyo maneno makubwa sina. Ila haya yametokea nyumbani kwetu Mandewa, hapa Singida, na majirani zetu wengine wamo humu humu. Nikiongeza chumvi watanisuta.

Baba yangu, Mzee Yohana, alikuwa akiuza kuku wa kienyeji stendi. Mtu wa maneno haswa. Alikuwa anaweza kumsifia kuku mpaka kuku mwenyewe ananyoosha shingo.

Siku hiyo tumetoka kanisani, vijana wakaja kumwamkia kama kawaida.

"Shikamoo mzee."

Baba akawatazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akatabasamu kidogo, akashika njia.

Mnajua huku kwetu. Mzee asipoitikia shikamoo, una kesi naye. Kama hujui kosa lako, nenda kalitafute.

Kesho yake asubuhi jirani yetu Shabani akabisha hodi, jogoo mwekundu kwapani.

"Mzee wangu, najua umeshaona. Ule mpaka wa shamba la alizeti niliusogeza mimi. Ni shetani tu."

Baba hakuwa na habari yoyote ya mpaka. Akampapasa jogoo kifuani kama alivyozoea kazini, akatikisa kichwa. Jogoo alikuwa mwembamba.

Shabani akaelewa kwamba msamaha umekataliwa. Jioni akaleta na tetea juu yake.

Habari ikaenea mtaani. Shangazi akarudisha sufuria ya marehemu mama, ambayo tuliitafuta hata msibani kwake. Mzee wa kanisa akaja kukiri kwamba yule mbuzi wetu aliyepotea zamani hakuliwa na fisi.

Banda letu la kuku likajaa. Na baba bado haitikii.

Ambaye hakuja kuomba msamaha ni Mzee Luhende peke yake, rafiki yake wa siku nyingi, Msukuma. Sisi ni Wanyiramba, na Wasukuma ni watani zetu. Mtani haombi msamaha, anaongeza kosa. Alikuja mikono mitupu, akakaa, akaomba chai.

"Yohana, uchoyo wenu sasa umefika kooni? Hata maneno unaninyima?"

Baba akacheka mpaka akatoa machozi. Hapo ndipo nikajua kwamba anasikia na anaelewa kila kitu. Ila maneno ndiyo hayatoki.

Na maneno yakazidi kuondoka. Chumvi ikawa "ile nanihii". Redio ikawa nanihii. Mimi kifungua mimba wake nikawa nanihii pia, ila alinitaja kwa upendo.

Watu wakaanza kumpigia kelele masikioni kama kiziwi. Wengine wakasema karogwa. Mimi nilikuwa na hofu nyingine. Mdogo wangu Neema alikuwa na mchumba, na wakwe walikuwa wamepanga kuja kutoka Manyoni kujitambulisha. Watu wa taratibu za zamani. Baba asipoitikia salamu yao, ndoa imekufa sebuleni.

Nikampeleka hospitali Dodoma. Tukampata daktari mmoja mama anayefanya utafiti wa wazee wanaopoteza lugha. Akanieleza polepole. Kuna ugonjwa wa ubongo unaoanza na maneno. Akili iliyobaki inaweza kukaa sawa kwa muda mrefu, lakini maneno yanapungua kidogo kidogo. Wazimu si huo, wala uchawi. Dawa ya kuyarudisha hawajaipata, bado wanatafuta.

Akaanza kumwonyesha baba picha ataje majina. Ikaja ya chuma chenye ndoano mbili. Baba kimya. Daktari akanigeukia mimi, mzima.

Nikasema, "Jembe la ng'ombe, limepinda."

Ilikuwa nanga ya meli. Wakuu, Singida na meli wapi na wapi?

Daktari akacheka, akasema picha zile zimetoka mbali, ndiyo maana wanatengeneza za huku kwetu. Lakini aliniangalia kwa muda kidogo, kama anayeniwekea nafasi kwenye orodha ya wagonjwa wake.

Tulipoaga akaniambia: "Usimmalizie sentensi. Mpe muda, na umwache atumie mikono."

Wakwe wakafika. Nilikuwa nimeshawaeleza kwa simu, lakini mshenga wao hakuridhika.

"Ugonjwa gani huo unakula salamu, ugali unauacha?"

Kijana akainama mbele ya baba. "Shikamoo baba."

Baba akafungua mdomo, akaufunga. Neema alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi. Mshenga akaanza kuitafuta kofia yake kwa macho. Ulimi ulikuwa unaniwasha, nilitaka niitikie mimi. Nikakumbuka maneno ya daktari, nikaung'ata.

Baba akainuka, akatoka uani.

Mshenga akasema, "Haya. Tumefukuzwa."

Tukasikia kelele bandani. Baba akarudi na yule jogoo mwekundu, sasa amenona. Akampapasa kifua, akaridhika. Akamkabidhi kijana kwa mikono miwili, kisha akamwekea mkono kichwani.

Hata mshenga akaacha kuitafuta kofia. Mgeni akipewa kuku hai mkononi, hilo halihitaji mkalimani.

Aliyesema ni Shabani peke yake, maana na yeye tulimwalika: "Jamani, huyo si jogoo wangu wa mpaka?"

Neema akaolewa. Baba alituacha mwaka huu, hana hata neno moja, na hana ugomvi na mtu.

Nilichojifunza: mzee akinyamaza ghafla, mpelekeni hospitali kabla hamjampelekea kuku. Na mkae naye hivyo hivyo alivyo. Mwenye mzazi wa namna hii aandike hapa chini anaishi naye vipi. Nitasoma yote, kujibu ndiyo huwa nachelewa.

La mwisho lilikuwa msibani.

Wakati wa kuaga mwili, Mzee Luhende akasogea kwenye jeneza na kikapu chake. Akavua kofia.

"Shikamoo, Yohana."

Ni rika moja, hawajawahi kuamkiana hivyo maisha yao yote. Akasubiri. Akasubiri kweli, mpaka mchungaji akakohoa.

Akatugeukia. "Mnaona? Ameshajua. Basi nakiri. Yule mbuzi, mzee wa kanisa hakumla peke yake. Mimi nilikula maini."

Msiba mzima ukaangua kicheko. Mzee wa kanisa akajifunika uso na kitabu cha nyimbo.

Luhende akatoa tetea kikapuni, akampapasa kifua kama baba alivyokuwa akifanya, akanikabidhi.

Kisha akakaa chini, akalia.