Markizi wa Kensington

Mzee niliyemtunza Kensington, mtaa wa Johannesburg, alitaka nimwite Markizi, cheo cha kikabaila cha ukoo wake. Sikumwita hivyo hata siku moja. Nilimwita mzee, na kila nilipotamka neno hilo alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Alikuwa Mwitaliano, mgane, miguu imemgomea, na wanawe walikuwa wamehamia Australia. Mimi ni mtu wa Morogoro. Niliolewa huko na mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, nikaja naye kwao, na alipofariki nikashika kazi ya kutunza wazee.

Historia ya ukoo wake niliisikia nikimwogesha, nikimvisha, nikimlisha. Babu wa babu zake alimpa mfalme fulani askari wakati wa vita, akazawadiwa cheo hicho, kasri lenye mnara na mashamba matatu ya mpunga kaskazini mwa Italia. Tangu hapo hakuna hata mmoja wao aliyeshika jembe. Wakulima walilima, wakavuna, na nusu ya mavuno ikapelekwa kasri. Babu yake alipoteza shamba moja kwenye karata. Baba yake akauza la pili kwa ajili ya farasi wa mashindano. La tatu liliondoka pamoja na kasri, ambalo leo ni hoteli ya harusi. Yeye mwenyewe alikuja Johannesburg akiwa kijana, akauza magari, akashindwa hata hilo.

“Sisi ndio tuliojenga ile nchi,” aliniambia siku moja, soksi yake ikiwa mkononi mwangu.

Kujenga! Watu walioishi kwa jasho la wengine mpaka wakaishiwa watu wa kuwatolea jasho.

Jumapili alikuwa na mgeni, mzee mwenzake aliyetoka kijiji kimoja naye huko Italia. Huyu alianza maisha hapa kama fundi wa vigae, na sasa ana kampuni yake Midrand na gari linalong’aa. Lakini kwa Markizi aliingilia mlango wa jikoni, na hakuna aliyemwambia aingilie huko. Alivua kofia, akaweka chupa ya mvinyo mezani, akasimama akisubiri aambiwe aketi. Nilimdharau kabla sijamjua vizuri.

Jumapili moja, tukiwa mezani, Markizi alianza hadithi kwa Kiingereza, maana alitaka nami niisikie. Mke wa mkulima wao mmoja alikutwa na mchele ndani ya aproni, akitoka ghalani. Babu yake akaamuru familia nzima ifukuzwe siku hiyohiyo, theluji ikianguka, mama akiwa na kitoto kichanga.

“Yule mwanamke alipiga magoti kwenye theluji na mchele wake!” akasema, akicheka mpaka akakohoa.

Fundi aliweka uma chini. “Kile kitoto,” alisema polepole, “ni mama yangu.”

Nilishusha bakuli la mchuzi. Nilidhani sasa atasimama, atampiga, atamtemea mate. Markizi alimtazama, akafuta mdomo.

“Basi unaona,” alisema. “Alipona.”

Na fundi akacheka. Eish, alicheka! Akainua glasi yake wakagonganisha.

Niliondoa sahani ya Markizi mbele yake, nyama ikiwa bado imejaa.

“Sijamaliza, mama,” akalalamika.

“Umemaliza, mzee.”

Nikampigia simu wakala aliyenileta pale atume mtu mwingine, na alipofika nikavua aproni. Fundi alinipa lifti kuelekea nyumbani kwangu Bertrams. Tuliposimama kwenye roboti, taa ya barabarani ikiwa nyekundu, nilimuuliza kwa nini alicheka.

“Ni Markizi, mama,” akasema. “Wewe huwezi kuelewa.”

“Naelewa sana. Nishushe hapahapa.”

Nilitembea kwa miguu mpaka kwangu, na sijui hadi leo ni yupi kati yao aliyenichukiza zaidi.

Markizi alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Watoto wake hawakuja. Fundi alinipigia simu kuniambia kwamba yeye ndiye aliyegharamia mazishi, na kwamba amechongesha nembo ya ukoo juu ya jiwe la kaburi, mnara na taji, kazi nzuri sana. Alikuwa analia. Aliniomba nihudhurie ibada, maana watu watakuwa wachache.

Nilimwambia nina nguo za kufua. Kisha nikaenda nikazifua.