Sauti ya Ngoma Mama

Jina la Mzee Kaza alipewa na mtaa, kwa sababu tangu asubuhi hadi jioni neno lililosikika kutoka kibandani kwake lilikuwa hilo moja: "Kaza! Kaza hapo, mama, ngozi si shuka!" Aliyekemewa ni binti yake wa pekee, mwanamke wa miaka arobaini, aliyeweza kuwamba ngoma akiwa amefumba macho. Shule, makanisa, vikundi vya harusi, wote walizifuata ngoma kwao.

Kilichomnyima mzee raha ni sauti. Katika ukoo wao ngoma mpya haikukazwa kwa kukisia. Iliwekwa karibu na ngoma mama, ile kongwe ya ukoo, ikapigwa hii, ikapigwa ile, mpaka zikaelewana. Kisha wakaja Wazungu, bunduki mkono huu, kitabu mkono ule, wakaibeba ngoma mama, wakavuka nayo bahari, wakaifungia kwenye kabati la kioo. Tangu hapo babu yake alikaza kwa kukumbuka. Baba yake alikaza kwa kumkumbuka babu. Yeye alikaza kwa kumkumbuka baba, na kila akigonga alijiuliza: ni hii kweli, au imetuponyoka kidogo kidogo kama chumvi kwenye mfuko uliotoboka? Alikuwa na miaka sabini na tisa. Alitaka kuisikia mara moja tu kabla hajafa.

Basi ngoma ikarudi, kwa mkopo wa miaka mitatu. Ndiyo, mkopo! Mtu achukue shati lako, alivae miaka mia, halafu akuazime, nawe umpigie makofi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na masharti waliyaandika wao. Wakubwa walihutubia, wageni wakahutubia zaidi, picha zikapigwa. Mzee Kaza akaandika barua kwa makumbusho kuomba aione, na baada ya wiki sita akaitwa.

Alivaa koti lake la pekee, akaenda na binti yake. Chumba kilikuwa nyuma ya makumbusho, kina baridi ya mashine na meza moja nyeupe, na juu ya meza, ngoma. Mtunzaji wake, mwanamke kijana mwenye adabu, aliwapa glavu na barakoa.

"Shikamoo, babu. Samahani, hairuhusiwi kuigusa kwa mkono mtupu."

"Marahaba. Kwani nitaichafua?"

"Hapana, itakudhuru wewe. Kule walivipaka vitu hivi sumu, visiliwe na wadudu. Miaka na miaka. Haitoki."

Mzee alicheka. "Yaani mama yetu wamemgeuza nyoka." Akavaa glavu. "Niruhusu basi niigonge kwa kidole. Kimoja tu, mjukuu wangu."

Mtunzaji alitazama mlango, akatazama viatu vyake. "Gonga, babu. Mimi sijaona."

Akagonga. Ikatoka sauti ya ukuta. Akagonga pembeni, pale ngozi huwa nyepesi kuitika. Ko. Akainama, akachungulia tundu la chini. Lilikuwa limezibwa kwa plasta, nyeupe, ngumu.

"Nilitaka kukwambia, babu, nikashindwa nianzie wapi," alisema mtunzaji. "Waliijaza mwaka ule ule ilipofika, ili isibonyee. Imeandikwa kwenye faili."

"Inatoka?"

"Imeshikana na ngozi. Ukiitoa, ngozi inachanika."

Na hawakuwa na nia mbaya, hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Walitaka kuitazama, wakahakikisha inatazamika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ngoma ina kazi nyingine.

Mzee alivua glavu taratibu, kidole kwa kidole. "La kuvunda halina ubani," akasema. "Twende nyumbani."

Njiani binti alijaribu kumfariji. "Baba, labda sauti yetu ndiyo yenyewe. Labda hatujapotea popote."

"Labda," alijibu.

Kesho yake kulikuwa na ngoma ya shule ya kumalizia. Binti alitandika ngozi, akavuta kamba, akagonga, akasubiri kukemewa. Neno lile halikuja. Akavuta zaidi, akagonga. Baba yake alikuwa ameketi mlangoni, anaitazama barabara.

"Baba, nikaze au nilegeze?"

"Upendavyo, mama."

Alidhani ni utani. "Sema basi, baba. Nimekosea?"

"Hata ukikosea," mzee alisema, "nani atajua?"

Binti alifunga fundo pale pale kamba ilipofikia, kisha akaanza kulia.