Direkta Aliyenifukuza Sasa Ananiita Madame

Admin, ficha jina langu na la shule. Mengine yaache kama nilivyoandika.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura. Kazi yangu ni kuwanoa wakuu wa shule, sisi tunawaita madirekta. Wanakuja semina, halafu nawafuata shuleni kwao mmoja mmoja, nakaa nao ofisini, natazama wanavyoendesha kazi. Tuna sheria mbili. Kwanza, direkta hatumpi jibu: tunamuuliza maswali mpaka alipate mwenyewe. Pili, anachokuambia ofisini kinabaki ofisini. Hii ya pili ndiyo inayonichoma.

Mwaka huu nilipewa madirekta tisa. Kuona jina la wa nne, chai ikanipalia. Ni yeye.

Nilipokuwa na miaka 15 nilikuwa kiongozi wa darasa, ufunguo wa kabati la michezo nashika mimi. Asubuhi moja mipira mitatu mipya haikuonekana. Direkta hakuuliza mtu. Alinisimamisha chini ya bendera, shule nzima inatazama, akasema, "Mumuangalie vizuri. Huyu ni Muswahili. Wizi wanazaliwa nao." Kwa msiokaa kwetu: Burundi, mtu asiyekupenda akikuita Muswahili, ana maana mjanja, mwongo, mtu wa kuchungwa. Mama alikuja akapiga magoti getini, kwenye tope. Direkta alimruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akaingia ofisini. Sikurudi tena shule ile.

Niliuza parachichi kwa wabeba mizigo wa bandarini, jioni nasoma. Diploma niliipata nikiwa na miaka 27. Hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo hakuna anayenidai heshima wala ninayemwogopa.

Siku ya kwanza nilipoingia kwake hakunitambua. Ushungi, jina la mume, miaka imepita. Akasimama, akanivutia kiti: "Karibu sana Madame! Tunataka mutufundishe uongozi wa kisasa." Nikatabasamu. Moyoni nikasema, utafundishika.

Sitawadanganya, nilimfaidi. Nilimuuliza, "Direkta, watoto wanaochelewa wanapokelewa na nani?" Akafikiri, akaamua mwenyewe kwamba atasimama getini kila asubuhi. Geti lile lile. Siku za mvua nilikuwa napita makusudi, nimuone anavyolowa. Balaa ni kwamba dawa imefanya kazi. Walimu wanafika kabla ya kengele. Watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa sare sasa wanabaki darasani. Kati ya shule zangu tisa, ya kwake ndiyo imepanda kuliko zote.

Halafu wiki mbili zilizopita nikamuuliza swali ambalo tunawauliza wote: ni uamuzi gani mgumu unaojivunia? Akaegemea kiti, akacheka.

"Madame, zamani kulikuwa katoto kamoja ka Buyenzi. Nilikafukuza juu ya mipira. Wiki iliyofuata nafungua buti ya gari yangu, mipira iko mule! Mi mwenyewe niliipakia siku ya mechi, nikasahau."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Ukamrudisha?"

"Apana! Sasa we Madame, direkta akishasema mbele ya bendera, akirudi nyuma, nani atamuogopa tena? Nilinyamaza, mambo yakaisha. Ile ndiyo otorite, ndiyo mamlaka."

Nikamshukuru kwa kuniamini. Nikaenda kujifungia choo cha walimu mpaka kengele ya kutoka.

Sasa Jumamosi tunafunga mafunzo. Watakuwepo madirekta wote, wakaguzi na wawakilishi wa wazazi. Anayepanga wasemaji ni mimi, na wa kwanza nimemweka yeye, asimulie uamuzi mgumu aliowahi kuchukua. Amenipigia kwa furaha: "Madame, nitawapa ile ya mipira, watacheka!" Sikumshauri, sikumkataza. Akiisema kwa mdomo wake, siri sijaitoa mimi. Akimaliza, nitanyanyua mkono nimuulize, kama kazi yangu inavyotaka: "Direkta, yule binti akisimama mbele yako leo, utamwambia nini?" Halafu nitasimama, nitaje jina langu la shule. Polepole.

Mume wangu hataki kusikia. "Utamuua muzee wa watu. Na wale wanane wengine? Wakiona mwenzao anavuliwa nguo, nani atakufungulia mdomo tena? Kila mtu atarudi kuendesha shule kama zamani." Hapo nakiri ana hoja. Huyu naye nikimvunja Jumamosi, Jumatatu hatasimama getini, na watoto wa pale hawajanikosea kitu. Hilo tu ndilo linaloninyima usingizi. Yeye mwenyewe simhurumii hata chembe.

Nikampelekea mama habari hii, nikijua ataniambia niache, maana ni mtu wa swala tano. Alimaliza kuchambua ndagala wake, dagaa wa ziwa letu, akanawa mikono.

"Mwanangu," akasema, "yule mutu nimejaribu kumuombea msamaha kwa Mungu miaka yote hii. Kila siku dua inakatikia katikati. Hapo mahali penu, viti vya mbele viko upande gani?"

Tafadhali, asiniambie mtu nimwachie Mungu. Ningekuwa namwachia Mungu, Mungu asingeniletea yule mtu mpaka mkononi. Wala msiniambie ni mzee. Na mimi nilikuwa mtoto. Nishaurini kwa jambo moja tu: Jumamosi akishamaliza kuwachekesha watu kwa maisha yangu, ninyanyue mkono, au nipige makofi pamoja na wengine?

Jibuni mapema. Mama ameshapeleka kitenge kwa fundi.