Lipu Juu ya Jiwe Jeusi

Ukuta wa mbele wa nyumba ya mama yangu ni wa jiwe jeusi la volkano, lenye mistari myeupe ya chokaa kati ya jiwe na jiwe. Nyumba nyingi za namna hii katika mtaa wetu wa zamani, karibu na ziwa, zimeshabomolewa kupisha hoteli. Mwaka huu tuliambiwa kwamba nyumba iliyobaki na sura yake ya zamani itaandikishwa, na ikiandikishwa haibomolewi. Mkaguzi angekuja Jumatatu. Mama aliisubiri siku hiyo ajue kama atazeekea hapo.

Ukuta ulikuwa na nyufa, nikaomba majirani watuzibie siku ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapotoka wote kufanya kazi za mtaa. Niliwaeleza mara mbili: nyufa tu. Kisha nikaenda Rugerero kwenye msiba.

Niliporudi, ukuta ulikuwa wa kijivu, laini kama wa duka jipya. Saruji ilikuwa imebaki, basi wakapiga lipu ukuta mzima.

"Dada, tumemaliza!" jirani yetu fundi aliniita. "Nyumba imekuwa muzuri. Sasa mama yako na yeye anafanana na watu ya hoteli!"

"Na mawe?"

"Iko ndani. Itaenda wapi? Bon, we ulitaka mugeni aone nyumba ya zamani hivi?"

Ndiyo, nilitaka hivyo hasa. Lakini umuganda huisha saa tano, na wao walibaki hadi saa tisa kwa kumpenda mama tu. Ningewagombeza vipi?

Jumatatu mkaguzi alitazama, akafunga daftari. "Mama, mi naona nyumba ya saruji."

Nikaanza kueleza. Mama hakungoja nimalize. Alichukua nyundo, akagonga lipu mpaka jiwe likatokea, sehemu pana kama sinia. Mkaguzi akaipiga picha na kutupatia wiki mbili: ukuta wote uonekane, la sivyo tumekosa.

Sasa fundi na wenzake wanakuja kila jioni na tindo, wakichekana. Saruji yao ni ngumu kweli, waliichanganya vizuri. Kila inapobanduka, chokaa ya zamani nayo inamomonyoka, nami nasimama nyuma yao nikirudia: "Laza tindo. Ukiisimamisha unapasua jiwe. Hivyo, ndiyo. Vizuri. Tena."

Tumefika dirishani, katikati ya ukuta. Zimebaki siku nne.