Mtamba wa Babu Qamara

Enzi zetu gari lilisikika muda mrefu kabla ya kuonekana. Ninyi wa rika langu mliokulia Dongobesh mnanielewa. Uko malishoni na ng'ombe wa nyumbani, umejitanda shuka, baridi imekupasua midomo, mara unasikia mngurumo unakuja kutoka upande wa Mbulu. Unawaacha ng'ombe waingie shamba la watu, unakimbia na fimbo yako mpaka barabarani. Si kupanda. Kunusa moshi tu! Moshi ule ulinukia mji. Leo mwanangu wa mwisho anapanda Land Cruiser ya baba yake, halafu analalamika kiti kina joto.

Wanaonifahamu wananifahamu. Nina Fuso zinazopeleka vitunguu saumu hadi Dar es Salaam, nina gesti Katesh, na nyumba yangu ya Dongobesh ina vigae ambavyo hata padri alisimama akavisifia. Vyote nimevipata kwa elimu ya darasa la saba, tena la kusukumwa. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa kuwa ni kweli. Lakini kuna mtamba mmoja ambaye mpaka leo nikimkumbuka, hata kama niko mezani na nyama imeiva vizuri, naacha kula kwanza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Manyara bado lilikuwa jina la ziwa, sisi sote tulihesabiwa watu wa Mkoa wa Arusha. Kabla ya hapo ukionekana na magunia ya mahindi barabarani unaulizwa kibali. Ghafla tukaambiwa ruksa, fanyeni biashara. Mitumba ikamwagika minadani, sabuni za kunukia zikarudi madukani, na mdogo wake baba, Baba Mdogo Bayo, akaenda Arusha na vitunguu saumu akarudi na pikapu. Ilikuwa nyeupe, imetoboka milango, lakini kijiji kizima kiliiamkia kama mgeni wa heshima.

Baba Mdogo alikuwa na mtoto wa kiume anaitwa Paskali, rika langu kabisa. Tulicheza pamoja magari ya mabua ya mahindi yenye matairi ya kandambili zilizokatika, tulipiga pamoja mpira wa nailoni uliofungwa kwa kamba za katani. Siku pikapu ilipofika, Paskali aliacha magari ya mabua. Akapewa jinzi ya mtumba yenye zipu hata mahali pasipohitaji zipu. Mimi nilikuwa na kaptula ya shule yenye madirisha mawili nyuma. Nilimwonea wivu mpaka nikawa namwota akianguka mtoni na jinzi yake.

Sasa niwaeleze habari ya mtamba. Wazee wetu hawakuweka ng'ombe wote zizi moja. Unampa rafiki yako wa mbali jike akutunzie, yeye anakunywa maziwa, uzao unabaki wako, na ugonjwa ukiingia kwako hubaki mikono mitupu. Babu yetu Qamara alikuwa amempa jike Mzee Gidamis, Mbarabaig wa Basotu, rafiki yake tangu ujana. Babu alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wake wa mwisho, alimtumia rafiki yake neno: ndama jike wa kwanza atakayezaliwa, apewe mjukuu wangu. Hakutaja jina. Nyumbani hatukuona haja ya jina. Baba yangu ndiye mkubwa, na mimi ndiye kifungua mimba wake. Zikaja habari kwamba jike amezaa, na ndama ameshakuwa mtamba mzuri, mwekundu, mwenye doa jeupe pajini.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniita zizini akaniambia, "Boay, mtamba huyo ndiyo sekondari yako. Akizaa tutauza madume, wewe utasoma." Nilikuwa darasa la sita. Hatukuwa na kitu kingine cha kuuza kwa ajili ya shule, na mimi nililijua hilo.

Safari ikapangwa. Tungepita Bashnet, tuteremke Dareda, tufike Katesh kwa shangazi yetu aliyekaa mtaa wa Jorodom, chini ya mlima; binti yake alikuwa anapata kipaimara. Tungeoga, tungekula pilau, tungelala. Kesho yake wanaume na mimi tungekwenda Basotu kwa Mzee Gidamis. Na kiti cha mbele kilikuwa changu. Baba Mdogo alikuwa ameahidi mwenyewe, mbele ya bibi: "Mwenye mtamba atakaa mbele."

Asubuhi ile mama alinipaka samli mpaka nikang'aa. Nikasimama mlangoni mwa pikapu, mkono kwenye kitasa, nawangoja wakubwa. Akaja Paskali na jinzi yake, amejishika tumbo.

"Mimi nikikaa nyuma natapika," akasema.

Mama yake akadakia, "Mwacheni mtoto akae mbele jamani, tumbo lake ni dogo."

Tumbo dogo! Paskali yule alimaliza sahani yake ya makande kisha akaisaidia ya jirani. Jana yake tu nilimwona akining'inia mtini kichwa chini, miguu juu, anaimba. Lakini mtoto wa enzi zetu hakubishana na mama wa mtu. Nikapanda nyuma na baba, mama na dada zangu wawili wadogo, juu ya magunia ya vitunguu saumu na kuku wa shangazi. Paskali akanunuliwa karanga za chumvi kwenye kikaratasi, eti za kutuliza tumbo. Kupitia kioo cha nyuma nikamwona anazitia mdomoni moja moja. Kila alipoweka moja, aligeuka kuhakikisha naona.

Tulipofika Bashnet watu wakatusimamisha. Lori limelala kwenye mteremko wa Dareda, hapiti mtu mpaka litolewe, na hakuna anayejua lini. Baba Mdogo akakuna kichwa, akasema tunazunguka kwa Haydom, tutokee Basotu, ndipo tuingie Katesh.

"Bayo," baba akamwambia, "huko ni mbali. Na tazama mvua ile."

"Kaka, hili ni gari, halichoki kama miguu yako."

Tukageuza. Ikabidi tupite tena Dongobesh, mchana kweupe, tumevaa nguo za sherehe. Wenzangu wa shule, niliokuwa nimewatambia kiti cha mbele, walikuwa barabarani. "Mmesharudi? Pilau iko wapi?" Mwingine akapaza sauti, "Boay, mbona dereva yuko nyuma?" Paskali akapunga mkono dirishani kama waziri.

Mvua ilitukuta tumeshaacha milima, tumeingia kwenye mbuga. Turubai lilikuwepo, ila lilifunika magunia. Nilimsikia Baba Mdogo kwa masikio yangu: "Vitunguu vikilowa vinaoza, watoto wakilowa wanakauka." Tukalowa. Maji yalishuka kichwani, yakaosha samli, yakaosha vumbi, yakaingia kwenye kaptula kupitia yale madirisha. Sijawahi kuwa msafi kama siku ile. Mama aliwafunika dada zangu kwa kanga yake na kuku wakatulia kama wanasali.

Kisha tope jeusi likatukamata. Ninyi mnaolijua tope la mbuga ya Basotu hamhitaji kuelezwa. Tukasukuma wote isipokuwa mwenye tumbo dogo. Pikapu ikazidi kukaa. Ndipo vijana wawili wa Kibarabaig waliokuwa wanarudisha mifugo wakasogea, wakatucheka vya kutosha kwanza, halafu wakaenda kuleta maksai. Baba akawauliza ni wa nani.

"Wa Mzee Gidamis," mmoja akajibu. "Boma ndiyo lile."

Basi hivyo ndivyo tulivyofika kwa Mzee Gidamis, siku moja kabla, bila kuoga Jorodom, bila kubadili nguo, tumevutwa na ng'ombe. Mzee alitoka mwenyewe, mrefu, amejifunga shuka, mkuki mkononi. Tukainamisha vichwa, shikamoo, shikamoo, naye akapitisha kiganja juu ya kila kichwa, "Marahaba, marahaba." Wake zake wakatuwashia moto. Tukaletewa maziwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi wa mti, yale yanayobaki na harufu yake kooni mpaka kesho. Watoto wa leo ukiwapa wanauliza yamekwisha muda lini.

Mvua ikakatika, jua la jioni likatoka. Mzee akatutazama mimi na Paskali tumesimama pamoja.

"Mjukuu wa Qamara ni yupi?"

Baba akavuta pumzi aseme. Baba yangu kabla ya kusema lazima avute pumzi. Baba Mdogo hakuwa na shida hiyo.

"Wote wawili, mzee! Huyu wa kaka na huyu wangu."

"Mimi niliambiwa mjukuu. Sikuambiwa wajukuu."

Baba akasema taratibu, "Mzee, huyu Boay ndiye mkubwa."

"Nimesikia," Mzee akasema. "Lakini Qamara hakusema mkubwa. Neno la marehemu siliongezi wala silipunguzi. Leteni mtamba. Atakayemwendea, huyo ndiye."

Wakamfungua. Jamani, nimeona ng'ombe wengi, lakini yule! Mwekundu kama udongo wa kwetu baada ya mvua, doa pajini, macho ya upole. Tukaambiwa tunyooshe mikono na tunyamaze. Nikanyoosha yangu. Alikuja moja kwa moja kwangu, na mimi nikaona shule, sare, sanduku la bati, vyote. Akaninusa kiganja. Pumzi yake ilikuwa ya moto. Akakinusa tena, akakuta maji ya mvua matupu. Akageuza kichwa kwa Paskali, akatoa ulimi, akaanza kumlamba mkono. Akalamba kiganja, akalamba vidole kimoja kimoja, akarudi kiganjani kama aliyesahau kitu. Vijana wa boma wakapiga makofi.

Mzee Gidamis akasema, "Imekwisha."

Nilielewa pale pale. Nimechunga ng'ombe tangu nina meno ya utoto, najua wanavyotafuta chumvi. Nikafungua mdomo. Baba akanitazama mara moja tu, nikaufunga. Kwenye boma la mtu, mbele ya wazee, mtoto hasemi, na baba mwenyewe hangeweza kulivunja neno la mzee aliyemtunzia baba yake ng'ombe. Alisema tu, "Mzee amesema." Mama aliinama akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Kesho yake tukaenda Katesh. Kwa shangazi pilau ilikuwa imebaki ukoko, na kipaimara kimeshapita. Njiani Paskali alitoa mkono dirishani, akaunusa, akanigeuzia nyuma nilipo.

"Bado una chumvi, ndugu yangu. Onja."

Baba alipomgusia Baba Mdogo habari ile, alijibiwa, "Kaka, watoto wote ni wetu. Atakayesoma atamsaidia mwenzake." Mtamba akazaa, na watoto wake wakazaa. Paskali akaenda sekondari, akaenda mbele zaidi, na Manyara ilipokuwa mkoa akapata ofisi Babati, ana kiti kinachozunguka. Msaada niliopata mpaka leo ni kusomewa maelezo ya dawa ya kupulizia vitunguu. Mimi nilibeba magunia, nikawa utingo, nikajifunza kuendesha kwa kuangalia, nikanunua gari langu la kwanza kabla Paskali hajanunua baiskeli. Tukikutana yeye ananiita "tajiri," mimi namwita "msomi," na kila mmoja anasema kwa sauti ya utani. Lakini kwenye vikao vya ukoo karatasi ikitokea anapewa yeye aisome. Wote wanageuka kumtazama. Anatoa miwani polepole, anaipangusa. Wakati huo, hata kama chakula chote cha kikao nimegharamia mimi, natamani mvua inyeshe ndani ya nyumba.

Juzi nilikwenda mnada wa Katesh na familia. Barabara ni lami tupu siku hizi, watoto wanalala mpaka unafika. Nyumba ya shangazi pale Jorodom haipo tena, tope la mlima lilipita nayo siku ya maporomoko. Yeye mwenyewe alishatangulia, hakuiona siku ile. Niliwaonyesha watoto pale ilipokuwa, wakasema "aaah," wakarudi kwenye simu zao.

Mnadani nikachagua mitamba. Nachagua vizuri, waulizeni wafanyabiashara wa pale. Nilimwona mwekundu mmoja nikamnunua bila kubishana bei, kitu ambacho sifanyi. Zizi langu sasa lina wekundu watupu, watu wanadhani ni mbegu maalumu. Nikamwita mwanangu wa mwisho, yuko darasa la sita, aje ashuke amwone.

"Baba, mpige picha unitumie," akajibu kutoka ndani ya gari, kioo kikiwa kimepandishwa nusu.

"Shuka. Nataka nikupe huyu awe wako."

"Asante baba. Lakini si utampa kaka Michaeli tu? Yeye anapenda vitu vya shamba."

Akapandisha kioo. Shule yake imelipwa mpaka mwisho wa mwaka, viatu vyake ni vyeupe, na amekaa kiti cha mbele, hakuna aliyemwondoa wala hatatokea wa kumwondoa. Nilisimama pale kwenye vumbi na kamba ya mtamba mkononi, nikimtazama anavyocheka peke yake na simu, nikamwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea Paskali. Mtoto yule hakuna ng'ombe hapa duniani anayeweza kumnusa mkono, akageuza kichwa, naye akaumia.